Wawili, gari moja na nyumba ya mlimani Aberdare: majibu ya maswali yenu

Tangu nitaje hapa nyumba za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, za Fishing Lodge, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, maswali hayajakoma, na mengi yanatoka kwa watu wawili wanaotaka kuitoroka Nairobi kwa siku kadhaa. Kwa aliyepitwa: ni nyumba za kujipikia, upande wa Nyeri karibu na lango la Kiandongoro, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi. Mkahawa hakuna, na hakuna atakayekubishia mlango na chai ya asubuhi. Mimi napenda hivyo. Asiyependa anaweza kubaki mjini, hoteli zipo.

Tuna Probox. Mume wangu anashikilia kwamba Probox hufika popote. Itafika? (Ruiru)

Dada, mumeo anaijua Probox, ila Aberdare bado hajaijua. Nairobi hadi Nyeri ni kilomita 150 hivi: Thika Road, Kenol, Sagana, Karatina, lami mwanzo mwisho. Hapo hata Vitz inatosha. Kazi huanza mkishaacha mashamba ya chai na kuingia msituni. Upande huu wa mlima hunyeshewa sana, ndiyo maana mito yake inajaza bwawa la Ndakaini linalowapa watu wa Nairobi maji, na udongo ule ukilowa huteleza kama sabuni. Kodisheni gari la 4x4, tena lililoinuka. Kama bei inauma, tafuteni wanandoa wengine mchange, kwa sababu nyumba zenyewe zina vyumba vya kutosha. Machi hadi Mei msijaribu. Baadhi ya njia hufungwa. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika zaidi.

Jazeni tangi Nyeri, na kabla ya kuondoka nyumbani mlitoe gurudumu la akiba mlitazame kwa macho. Pancha ndani ya mbuga si kama pancha ya Thika Road: mmoja anafungua nati, mwenzake anasimama akiangalia nyasi na vichaka, na hakuna wa kuchezea simu.

Wengine wameuliza njia ya Naivasha, ile inayopanda kutoka Ndunyu Njeru hadi lango la Mutubio. Inapendeza kweli. Inakupitisha nyika ya juu isiyo na miti mirefu, kilele cha Kinangop kikionekana mawingu yakikubali, na njiani kuna maporomoko ya Karuru yanayoshuka mita 273 kwa ngazi tatu. Lakini barabara ni mbovu, na mpango wa kuweka lami kati ya Ihithe na Ndunyu Njeru umezua mvutano mkali baina ya wanaotaka njia ya mkato na wanaoutetea msitu. Mimi niko na msitu. Kama ni safari yenu ya kwanza, ingieni kwa Nyeri, na siku ya kurudi, kukiwa kukavu, mtokee Mutubio.

Mpenzi wangu amesikia nyati hufika hadi mlangoni. Je, kuna ua? (Kitengela)

Ua upo, wa umeme, karibu kilomita 400 kuizunguka Aberdare, na ulikamilika mwaka 2009. Kazi yake ni kuwazuia tembo wasishuke kula viazi vya watu. Nyinyi mtakuwa ndani ya ua huo pamoja na tembo.

Kwa hiyo nyumba mnaishi kwa saa za wanyama. Jua likianza kuzama, kila mnachohitaji kiwe kimetoka garini: maji, kuni, miswaki, dawa. Safari za "nimesahau chaja" ndizo hukutanisha watu na nyati. Ikibidi kabisa, simama kwanza barazani na umulike polepole, kushoto kwenda kulia, hadi nyuma ya gari. Ukiona macho yanang'aa, rudi ndani. Hata yakiwa ya pongo tu, chaja itangoja asubuhi. Wa kuogopwa zaidi ni nyati dume mzee anayetembea peke yake. Huyo hana kundi la kumshtua mapema na hapendi kusogea.

Fisi watapita usiku, na wala hawachagui: sufuria yenye mabaki, kiatu cha ngozi, mfuko wa takataka, vyote vyaweza kubebwa. Mchana ni zamu ya nyani. Dirisha lililoachwa wazi huwa ni mwaliko, na mkate hauna ulinzi.

Barabarani, kwenye ukanda wa mianzi, njia ni nyembamba na kona ni za ghafla. Angalieni chini. Mkiona kinyesi cha tembo ambacho bado kinafuka mvuke, na mianzi iliyovunjwa ikiwa bado mibichi, ujueni mwenyewe hayuko mbali. Simameni, injini iwe inanguruma, msipige honi. Akija upande wenu, rudini nyuma taratibu hadi pana nafasi. Kushuka kupiga picha ni marufuku, na kutembea kwa miguu ni pamoja na askari wa KWS mwenye silaha tu.

Chui wapo, wakiwemo weusi. Bongo naye yupo, swala mkubwa mwenye mistari, mwenye aibu kuliko wote. Msiahidiane kuwaona.

Tupike nini? Tunafikiria githeri, ni rahisi. (Juja)

Githeri ni rahisi Juja. Kule juu maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 90 hivi badala ya 100, na maharagwe hayaelewi kwamba mko fungate. Mtayachochea hadi saa tano usiku na bado yatagonga meno. Chemsheni mahindi na maharagwe nyumbani, muyagandishe kwenye friji, na mkifika mkaange tu na kitunguu na nyanya. Kama mna sufuria ya presha, shida imeisha.

Wali nao huchelewa kuiva. Ongezeni maji na mfunike vizuri. Chapati za kubeba, mayai, viazi, sukuma iliyokatwa kabisa, majani ya chai mengi kuliko mnavyodhani. Nyama nunueni Nyeri siku hiyohiyo. Takataka zote zirudi nanyi mjini.

Baridi ikizidi, tunaweza kuingiza jiko la makaa chumbani? (Embakasi)

Hapana. Si kwa dakika kumi, si kwa kufungua dirisha kidogo. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi nchi hii huzika watu waliolala na jiko. Nyumba ina meko sebuleni yenye bomba la moshi. Washeni hapo jioni, mkiingia kulala muache moto ufe wenyewe. Beba blanketi nzito, soksi za sufi, kofia, na chupa ya plastiki ngumu ya kutia maji moto miguuni. Wapiganaji wa Mau Mau waliishi misitu hii miaka ya 1950 wakinyeshewa na kuwindwa. Sisi na blanketi zetu tutavumilia.

Hatujaoana rasmi. Mlangoni wataitisha cheti cha ndoa? (jina na mtaa umefichwa)

Watataka kitambulisho na malipo. Lipia kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, ukiwa bado mjini, uhifadhi risiti kwenye simu, kwa maana mtandao milimani huja na kuondoka. Raia asiyebeba kitambulisho asitegemee kutozwa bei ya raia. Mengine ni ya wazazi wenu.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Twende? (Thika)

Kaka, barabara ile na mwinuko ule, na hospitali ikiwa mbali usiku? Mwulizeni daktari wake, lakini mimi ningempeleka Naivasha.

Kweli mtu anaweza kuvua samaki huko? (Kikuyu)

Ndiyo, trauti. Ni samaki wa maji baridi aliyeletwa na walowezi. Mto Gura ulipandikizwa samaki hao mwaka 1905. Utahitaji kibali cha kuvua, fimbo yako mwenyewe, na askari wa kukaa nawe mtoni, maana nyati pia hupenda kingo zile. Uliza kuhusu kibali wakati wa kulipia nyumba, usingoje kufika.

Usiku mmoja unatosha? (wengi wenu)

Hautoshi. Siku ya kwanza mnakula barabara, mnafika na kichwa kinachogonga kwa sababu ya mwinuko, mnawasha moto, mnalala. Mkiondoka asubuhi yake mtakuwa mmelipia gari, mafuta na kiingilio ili mlale na mafua. Laleni mbili. Siku ya katikati msipange mambo mengi: asubuhi maporomoko ya Chania au Karuru, ukungu haujapanda, kisha mrudi kukaa barazani na chai. Wanyama wa hapa ni wa msituni, huwezi kuwafukuza kwa gari kama Mara. Ukitulia mahali pamoja ndipo pongo anatoka, kisha kuro, na mkibahatika tembo.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ondokeni Nairobi alfajiri, saa saba mchana muwe mmeshaingia. Mkichelewa Karatina mkinunua viazi na kupiga stori, na saa kumi na moja jioni ikawakuta bado Nyeri, msikimbizane na giza la msituni. Tafuteni chumba mjini, mpande asubuhi.