Wimbi halihamishi maji ya ziwa
Je, wimbi linalopiga ufukwe wa Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, limeleta maji kutoka upande wa Kongo? Hapana. Kinachosafiri ni nishati, ilhali chembe za maji huzunguka karibu mahali pale pale, zikipanda na kwenda mbele kisha zikishuka na kurudi nyuma, na mzunguko huo hufifia kadiri kina kinavyoongezeka hadi karibu kwisha kwenye kina cha nusu ya urefu wa wimbi (umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine). Litazame boya la wavu pale Kibirizi, Kigoma: hupanda na kushuka bila kufuatana na wimbi. Upepo ukivuma kwa muda mrefu, maji ya juu husukumwa kweli, lakini huo ni mkondo, nao ni jambo jingine.