Karafuu, ndimu au tii-trii?

SWALI: Nina miaka 21. Chunusi zimenijaa mashavuni na kidevuni. Mama mdogo alinishauri nipake mafuta ya karafuu na ndimu kila usiku. Siku ya tatu uso uliwaka moto, na sasa nina mabaka meusi. Dukani wananionyesha mafuta ya tii-trii (tea tree). Kweli mimea inaua bakteria wa chunusi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana, dada. Inaua kweli. Kilichokuunguza ni kipimo.

Bakteria huyo, Cutibacterium acnes, hukaa ndani ya kitundu cha kinyweleo, mahali pasipo na hewa, akila mafuta ya ngozi. Hata wenye uso laini wanaye. Kitundu kikiziba anazaliana, mwili unapambana naye, ndipo panapovimba na kutunga usaha.

Karafuu ina kemikali iitwayo yujenoli, na yujenoli humuua bakteria huyo. Lakini mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli tupu, na kiwango kinachoshauriwa cha mafuta hayo katika kitu cha kupaka ngozini hakizidi asilimia 0.5. Ukiyapaka bila kuyazimua umezidisha mara 200. Ndimu nayo ni asidi kali, na ukiikamua, mafuta ya ganda huchuruzikia kwenye maji yake yakiwa na furanokumarini. Ngozi yenye kemikali hiyo ikipigwa na jua huungua, kisha huacha weusi. Hayo ndiyo mabaka yako, na yatakaa muda mrefu kuliko chunusi zenyewe.

Tii-trii ina ushahidi mzuri zaidi. Mwaka 1990 watafiti wa Australia, unakotoka mti huo, walilinganisha jeli yenye asilimia 5 ya mafuta hayo na losheni ya benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi, ya asilimia 5 kwa wagonjwa 124. Zote zilipunguza chunusi. Ya mmea ilichelewa kufanya kazi, ila haikusumbua ngozi kama mwenzake.

Kwa sasa acha kila kitu hadi ngozi ipone: sabuni laini, na mafuta ya kuzuia jua ya SPF 30 kila asubuhi. Kisha tafuta chupa iliyoandikwa Melaleuca alternifolia, jina la kisayansi la mti wa tii-trii. Mchaichai ni mmea mwingine kabisa. Nunua bomba la sindano la ml 1 duka la dawa, maana matone hayalingani. Changanya ml 1 ya tii-trii na ml 19 za mafuta ya alizeti, utikise. Usitumie maji: mafuta yataelea, na tone litakalogusa shavu litakuwa kali vilevile. Mafuta ya nazi nayo huwazibia wengi vinyweleo.

Jaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, usubiri saa 48. Pasipowasha, paka usiku mara moja kwenye uso uliokauka, mbali na macho. Hesabu wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema hayafai. Chupa iwe ya kioo cheusi, ifungwe vizuri, ikae mbali na joto na watoto, kwani kuyanywa ni sumu. Mafuta yaliyoingia hewa hubadilika na kuleta mzio; yakianza kunuka kama tapentaini, yamwage.

Na tafadhali, usifute mabaka kwa mkorogo. Mingi ina steroidi, na steroidi yenyewe huotesha chunusi. Ukiona vivimbe vigumu vya ndani vinavyouma, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kabla havijaacha makovu.

SWALI: Je, mwarobaini na shubiri? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Mwarobaini hudhoofisha bakteria maabarani, lakini hakuna kipimo cha uso kilichokubalika, na maji ya majani yaliyochemshwa yakilala huota vijidudu vipya. Shubiri hutuliza ngozi, haitibu chunusi peke yake. Ukikata jani, lisimamishe dakika 15 utomvu wa njano uchuruzike, lioshe, ndipo ukwangue ute mweupe. Wengi huiruka hatua hiyo, na utomvu huo ndio unaowasha.