Vifaa vya albamu vimejaa chumba? Usianze kwa kununua makasha

Juzi nimebandika picha ya mwisho kwenye albamu ya kumbukumbu ya wazazi wangu. Mama alipoifungua alinyamaza kwanza, akapitisha kidole kwenye utepe wa ukurasa wa harusi, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivi vyote umevitoa wapi?" Nilijisikia fahari, na sioni aibu kuisema. Vyote vimetoka chumbani mwangu. Tofauti ni kwamba sasa najua kila kitu kilipo.

Tangu niwaonyeshe albamu hiyo, swali linalonijia sana ni hili: dada, umepangaje vifaa mpaka ukamaliza? Naamini wote tunaofanya kazi hii tunatamani jambo lilelile, kukaa mezani na saa moja tu ya nafasi halafu kuinuka ukurasa umekwisha. Kwa hiyo nitaeleza nilivyofanya mimi.

Kupangua chumba kizima siwasimulii, ni vumbi na mgongo kuuma. Kilichonisaidia ni kukishika kila kifaa na kujiuliza: hiki nakitumia hatua gani? Ukurasa una mwendo wake. Unachagua picha, unakata, unabandika, unapamba, mwisho unaandika maneno. Watu wengi hupanga kwa aina, mikasi yote hapa, kalamu zote kule, na ndiyo maana wanasimama kila dakika kutafuta. Panga kwa hatua. Mimi vifaa vya kukatia viko upande mmoja wa meza, gundi katikati, mapambo upande wa pili, kalamu mwishoni. Mkono unatembea na kazi bila mimi kuinuka kitini.

Na makasha nunua mwisho, baada ya kupima. Karatasi zetu za albamu nyingi ni inchi 12 kwa 12, yaani zaidi kidogo ya sentimita 30 kila upande. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Kasha zuri la ofisini lililotengenezwa kwa ajili ya A4 haliwezi kuingiza karatasi yako hata ulibembeleze vipi. Utaikunja kona, na kona ikishakunjika haisahauliki. Pima kwanza, jamani. Karatasi zilaze. Ukitaka kuzisimamisha, zibanwe vizuri, la sivyo zinapinda katikati. Ziwe mbali na unyevu na jua.

Upande wa kukatia nina kikata karatasi, rula ya chuma, kisu cha wembe na mikasi miwili. Mkasi wa utepe haugusi karatasi kabisa, kwa sababu karatasi humaliza makali, na mkasi butu haukati utepe, unautafuna tu. Gundi ya tepu ya pande mbili ikiganda kwenye mkasi, futa kwa pamba yenye spiriti kidogo. Nyembe zilizokwisha makali zinaingia kwenye kopo lenye mfuniko, hazitupwi hivihivi. Mkeka wa kukatia hulala bapa, mbali na joto. Ukishajikunja kwa joto, kuunyoosha ni shida.

Chupa za gundi nimezisimamisha kichwa chini ndani ya kikombe kizito, gundi inakaa mdomoni tayari. Kero ya gundi ni ya zamani. Mwandishi Mark Twain alipata hataza Marekani mwaka 1873 kwa albamu ambayo kurasa zake zilipakwa gundi kabisa, wewe unalowesha tu na kubandika. Huwa namkumbuka kila ninapozibua mdomo wa chupa kwa pini.

Mihuri ya plastiki angavu nimeibandika kwenye plastiki ngumu na kuiweka ndani ya folda, nafungua kurasa kama kitabu. Vikata-umbo vya chuma vinashikwa na shiti la sumaku. Pedi za wino hukaa kifudifudi ili wino ubaki juu ya sponji, na maka peni zenye ncha mbili hulala, kwa sababu ukizisimamisha ncha moja inakauka.

Panchi, yaani vifaa vya kubonyeza vinavyokata karatasi kwa umbo, nimezifungia droo yake peke yake, na hapa naomba mnivumilie. Nilikuwa na panchi ya ua la petali tano, kata yake safi kabisa. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi hii pamoja akaiazima. Ilirudi mpini umekwama, na ilipokubali kubonyea ua likatoka na petali moja imening'inia kwa uzi wa karatasi. Nilipomuuliza akajibu, "Si kitoboa karatasi tu?" Neno hilo bado lipo kifuani. Nilipiga karatasi ya nta mara nyingi ili kulainisha chuma, ikafunguka, lakini ukali wa mwanzo haukurudi. Tangu siku hiyo siazimishi panchi wala mkasi. Anayetaka aje akatie mezani kwangu, chai ipo. Na ninyi nawaambieni: mkiviita vifaa vyenu vitu vidogo, wengine wataviita takataka. Viheshimuni ninyi kwanza.

Sasa kupunguza. Hapa ndipo wengi mnapolia, najua. Kigezo changu cha kwanza ni usalama wa picha. Karatasi ambayo sijui kama haina asidi wala lignini haikai karibu na albamu. Lignini ni kitu cha asili kilichomo kwenye mti, nayo ndiyo inayogeuza gazeti kuwa njano, na asidi huichakaza karatasi na picha iliyo juu yake. Hizo nimezigawa kwa kadi za salamu na kazi za watoto. Mifuko ya plastiki ya PVC imetoka yote, kwa kuwa hutoa mvuke unaodhuru picha. Nimebakiza ya polipropilini. Kigezo cha pili ni hatua, kama nilivyosema. Kifaa kisicho na hatua kwenye ukurasa wangu hakina nafasi mezani. Stika nilizozipenda dukani lakini sijawahi kuzibandika zimekwenda kwa mwalimu wa watoto wadogo, na alizipokea kwa mikono miwili.

Ndugu zangu, kununua vifaa ni starehe moja na kutengeneza albamu ni starehe nyingine. Msizichanganye. Chumba kinajaa karatasi nzuri huku picha za wazee zimelala kwenye bahasha, na wanaoweza kukutajia waliomo kwenye picha hizo wanazidi kuzeeka. Baba yangu aliniambia majina ya watu wanne kwenye picha moja ambao mama hakuwatambua hata mmoja. Ningechelewa kidogo, ningebandika picha ya wageni wasio na jina. Andikeni majina nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, leo hii, hata kabla ya kugusa droo moja.

Kwa wenye meza ndogo, au meza ya kulia inayotakiwa kuachiwa nafasi kila jioni, utaratibu ni uleule: tumia kitoroli cha rafu tatu. Rafu ya juu vifaa vya kukatia na gundi, ya kati mapambo, ya chini karatasi zilizolazwa, maana ndizo nzito. Kama sentimita 30 na ushee hazilali humo, tafuta kingine. Ukurasa ambao haujaisha uweke kwenye sinia bapa pamoja na picha zake na vipande ulivyokwisha kukata, ulisogeze sinia zima juu ya kabati. Kesho unalishusha na kuendelea ulipoishia.