Usikimbilie kuifupisha video ya pilau

Dada, umeuliza kama video yako ya pilau ya dakika 12 ni ndefu mno, kwa kuwa wastani wa kutazamwa ni dakika 3. Wastani peke yake haukuambii watu wanaondokea wapi. Fungua YouTube Studio, ukurasa wa kusimamia video zako, ingia kwenye takwimu za video hiyo, utafute mchoro unaoonyesha asilimia ya watazamaji waliobaki.

Anza na sekunde ya 30. Mstari ukiporomoka kabla ya hapo, tatizo ni utangulizi: salamu ndefu, nembo inayozunguka, au kichwa kimeahidi pilau na wewe bado unasimulia habari za sokoni. Onyesha pilau iliyoiva sekunde 5 za kwanza, kisha vitunguu viingie kwenye mafuta.

Sasa tazama vilima. Mstari ukipanda, mara nyingi watu wamerudisha nyuma. Kwenye pilau tazama hasa pale vitunguu vinapogeuka kahawia, maana rangi inatoka hapo na mpishi anataka kulinganisha na sufuria yake. Hapo usikate hata kidogo! Sogeza kamera karibu, taja dakika na ukali wa moto. Mabonde ndiyo ya kukata, kama kumenya vitunguu na kuosha mchele. Kihariri cha humo humo YouTube Studio kinaondoa vipande bila kubadilisha kiungo wala kufuta maoni.

Weka pia sura, yaani orodha ya sehemu za video na muda kila moja inapoanzia, kwenye maelezo ya video. Ya kwanza ianze 0:00, ziwe angalau 3, kila moja isipungue sekunde 10. Anayetafuta kiasi cha maji tu ataruka moja kwa moja hadi hapo.