Usiformate hiyo mashine! Angalia kwanza Y ya plan yako

Wewe ndugu wa Goma, huyo fundi wa kesho mupigie simu sasa hivi, mwambie asikuje. Nimesoma yote uliyoandika: AutoCAD, ile programu ya kuchorea plan, inatetemesha mistari ukizumu, duara zinaota pembe, HATCH (ile michirizi ya kujaza ndani ya umbo) mara inapotea mara inajaa nyeusi tupu, maandishi yanarukaruka, na yote yalianza pale topografe, mpima ardhi, alipokutumia leve ya parseli, yaani vipimo vya kiwanja. Na fundi amekwambia karte grafike, ile kadi inayotoa picha kwenye skrini, imekufa, ununue ingine, halafu aformate, yaani afute disiki ya Windows na kuiweka upya. Hapo damu ilinichemka, juu hayo ni maneno yaleyale niliyoambiwa mimi hapa Bukavu, karibu neno kwa neno.

Sikia sasa. Nilikuwa na plan ya nyumba kwenye mteremko, na Bukavu unaijua, bila mistari ya mwinuko hujengi hata ukuta wa choo. Leve ikanifikia kwenye flashi, nikaifungua na kuanza kuchora nyumba juu yake palepale. Na juu mimi nachoraka kwa milimita, nikapiga SCALE 1000, amri ya kukuza mara 1000, kwa kila kitu. Kuanzia hapo skrini ikawa kichaa. Nikamwita fundi mmoja, akaangalia ile HATCH inavyopepesuka, hakuuliza hata swali, akasema karte imekufa. Nikatafuta dola, nikaagiza karte kwa mfanyabiashara aliyekuwa anatoka Kampala, ikafika, ikawekwa, kuwasha: duara ni zilezile zenye pembe, HATCH ni ileile inayopotea. Mtu mwenye haya hapo angesimama akasema tumekosea njia. Yeye akasema basi ni Windows, tuformate. Nikamuuliza vitu vyangu je, akajibu disiki D haiguswi. Ni kweli D haikuguswa, lakini plan zangu zilikuwa kwenye Documents na juu ya desktop, na hizo ziko kwenye C, na hata zile faili za sv$ ambazo AutoCAD inajihifadhiaka yenyewe zinakaa kwenye folda ya Temp, C hiyohiyo. Vyote vikaenda. Kazi ya wateja, detaye za zege, ngazi, kila kitu. Fundi akachukua pesa yake akaenda, na mpaka leo bado anawaambia watu karte imekufa. Mtu anayetibu bila kupima ni hatari, iwe hospitali iwe kwenye kompyuta, na mimi hilo sitaacha kulisema.

Ugonjwa haukuwa kwenye mashine hata kidogo, ulikuwa ndani ya plan. Topografe anatoa namba za UTM, ule mfumo wa kuonyesha mahali duniani kwa mita, X kwa mashariki na Y kwa kaskazini, na huku kwetu ni zone 35 kusini. Sasa kusini ya ikweta UTM haianzi na sifuri, wanaipa ikweta 10,000,000 halafu wanashuka. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo Y zetu ni kati ya zile kubwa kabisa: Goma ni kama 9,814,000, Bukavu kama 9,722,000. Mtu wa Beni, ambaye yuko juu kidogo ya ikweta, kwa 35 kaskazini anapata Y ndogo kabisa, hii taabu ya Y haijui. AutoCAD yenyewe inahesabu kwa tarakimu kama 15, lakini karte grafike nyingi kazi ya kuonyesha picha inaifanya kwa namba fupi, zinazobeba tarakimu kama 7 tu. Y ya mita 9,814,215.62 ina tarakimu 9, kwa hiyo zile za nyuma zinaweza kukatwa, na hizo za nyuma ndizo sentimita zako, ndio mlango wako na unene wa ukuta. Mstari haujui usimame wapi, unaruka. Ukizidisha mara 1000 kama mimi ndio umeua kabisa, Y inapita bilioni 9. Hata ulete karte ya bei ya gari, itatetemeka tu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata dola moja: fungua faili mpya, tupu. Karibu na 0,0 chora duara, weka HATCH, andika jina lako, zumu ndani na nje. Kama ni safi, mashine ni nzima na plan ndiyo mgonjwa. Kama hata hapo inatetemeka, ndio uandike GRAPHICSCONFIG, uzime hardware acceleration (AutoCAD kuitumia karte kuchora), uone. Ikitulia, tafuta draiva mpya (programu inayoendesha karte) kwenye saiti ya aliyetengeneza karte yako, siyo kwenye flashi ya rafiki.

Mimi naona yako itakuwa safi kwa faili tupu. Basi leve ya topografe usiiguse, weka kopi pembeni na iache kwa mita. Kwenye kopi fungua leya zote (matabaka ya mchoro), yenye kufuli toa kufuli, iliyogandishwa igandue, juu kitu kimoja kikibaki nyuma utakuwa na plan mbili zenye umbali wa karibu kilomita elfu kumi. Piga MOVE, chagua ALL, kisha D (umbali wa kusogeza), na uandike namba ya maelfu kamili kama -747000,-9814000. Hiyo namba iandike kwenye plan yenyewe kwa herufi kubwa, karibu na kaskazini, juu siku ya kurudisha nguzo kwenye kiwanja topografe ataidai. Halafu chora nyumba kwenye faili yake kwa milimita na uite leve kama xref, yaani faili ya nje inayoonekana ndani ya yako. INSUNITS, ile inayosema faili ni ya kipimo gani, ikiwekwa sahihi kwa kila faili, leve mita na nyumba milimita, yenyewe inageuza mita kuwa milimita, hakuna haja ya SCALE. Wapo watakaokwambia ubadilishe UCS tu, yaani uhamishe pale X na Y zinapoanzia kuhesabiwa. Haisaidii, namba za ndani zinabaki zilezile kubwa. Wengine watasema FLATTEN, na hao ukimbie kabisa, italaza mistari yako yote ya mwinuko kwenye sifuri na mteremko utakuwa uwanja wa mpira.

Mambo ya laptop ipi ununue kwa 3D tutaongea siku ingine, siyo leo na huyo fundi akiwa njiani. Sasa hivi andika ID, amri ya kusoma namba za mahali, bonyeza kona moja ya parseli, na X na Y zitakazotoka uziweke hapa nizione. Na kopi plan zako zote kwenye disiki ya nje usiku huuhuu, hata kabla ya kujibu.