Usinunue kompyuta ya sensa za kupaki kabla hujahamisha sensa

Mkuu, hiyo kompyuta usiinunue! Umesema ukiingiza rivasi gari linatoa mlio mmoja mrefu, sensa zote nne za nyuma (vile vidude vya kwenye bampa vinavyopima umbali) ziko kimya, na fundi kasema kompyuta ya sensa, yaani kile kiboksi kinachoziongoza, imekufa. Mimi niliambiwa hayohayo, nikayaamini, na ile pesa inaniuma mpaka leo.

Hoja ya fundi wangu ilikuwa hii: sensa nne haziwezi kufa siku moja, kwa hiyo iliyokufa ni kompyuta. Ukiisikia unaona ina akili. Kumbe kwenye magari mengi sensa moja ikiharibika mfumo mzima unajizima makusudi, kwa sababu ni hatari dereva aamini kimya cha sensa mbovu wakati ukuta uko palepale. Ule mlio mrefu ndio gari linakwambia limejizima. Mtu anayejiita fundi umeme wa magari anakosaje kulijua hilo?

Nikanunua kompyuta iliyotolewa kwenye gari jingine. Ikafungwa, mlio uleule. Akasema inataka kuingiziwa programu ya gari langu. Nikalipa tena, mlio uleule. Akahamia kwenye sensa, tukabadilisha zote nne, zikachomekwa kwenye soketi zilezile bila mtu kuzitazama ndani. Mlio uleule! Fundi wa pili ndiye aliyeshusha bampa akachungulia: soketi ya kona ya kushoto ilikuwa imeingia maji, pini moja imeliwa na kutu ya kijani. Ikawekwa pini mpya, mfumo ukaamka. Sensa zangu za zamani zilikuwa nzima zote, na yule wa kwanza hakurudisha hata senti.

Kwa hiyo hamisha kwanza, kununua baadaye. Tafuta mashine ya kupima inayosoma mfumo wa kupaki wenyewe, maana zile za bei rahisi nyingi zinaishia kwenye injini. Itakutajia sensa ya kona gani inalalamikiwa. Ichomoe, ibadilishane nafasi na jirani yake yenye namba ileile mgongoni, futa kosa, jaribu tena. Kosa likihama pamoja na sensa, nunua sensa moja tu. Likibaki kona ileile, ugonjwa uko kwenye soketi au waya, na hapo hata ukinunua sensa mia hutapona. Kompyuta inashukiwa mwisho kabisa, baada ya fyuzi na waya kupimwa.

Huna mashine? Vuta handbreki, washa swichi bila kuwasha injini, mwenzako akanyage breki na kuingiza rivasi, kisha gusa uso wa kila sensa kwa ncha ya kidole. Sauti yake ni nyembamba mno, 40 kHz au zaidi, sikio haliipati, lakini sensa nzima utaihisi ikigonga tik-tik-tik. Isiyogonga wakati wenzake wanagonga ndiyo ya kuanza nayo. Zikinyamaza zote, mfumo umeshajizima, rudi kwenye mashine. Na kama bampa lilipigwa rangi hivi karibuni, angalia unene wa rangi kwenye nyuso za sensa, maana ikiwa nzito inauzuia uso kutikisika.

Hamisha leo, halafu uandike hapa kosa limehama au limebaki. Na huyo fundi usimpe hela yoyote mpaka ashushe bampa ukiwa umesimama pale.