Panya wangu ni wazima. Je, kimeng'enya hakina kazi?

SWALI: Tumezima jeni ya kathepsini B kwa panya. Wanakula, wanazaa, vipimo vya damu safi. Mwenzangu anasema tuandike kwamba kimeng'enya hiki hakina kazi, tufunge mradi. Yuko sahihi?

JIBU: Msiandike hivyo. "Hakuna tofauti, kwa hiyo hakina kazi" naikuta karibu kila rasimu ninayopewa nisome, na nimechoka kuikata.

Mmempima panya aliyeshiba, ndani ya kizimba safi, asiyeumwa chochote. Kathepsini B hukata protini ndani ya lisosomu (kijifuko cha kumeng'enya taka ndani ya seli), na kathepsini L, kimeng'enya ndugu yake, iko humo humo ikikata nyingi zilezile. Ukiondoa B peke yake, kwa macho huoni kitu. Ukiondoa L peke yake, manyoya yananyonyoka. Ondoa zote mbili uone: ubongo unasinyaa na watoto wanakufa wakiwa na wiki 2 hadi 4. Na hata B peke yake ina lake. Wadungeni seruleini, kemikali inayochochea kongosho kupita kiasi, livimbe, mkiwalinganisha na ndugu zao wa uzao mmoja (ndugu, jamani, si panya wa kuagiza). Wasio na B huumia kidogo, maana tripsinojeni (tripsini ambayo bado haijaamshwa) inayogeuka tripsini, kimeng'enya kinachoweza kula kongosho lenyewe, hupungua sana.

Hakikisheni pia kwamba protini yenyewe, yaani kimeng'enya, haipo. PCR, kile kipimo cha jeni kwa kipande cha mkia, inawaonyesha DNA tu.

Wanaoniudhi hasa ni wale wanaoruka kutoka kwa panya mzima hadi kwenye dawa. Mwaka 2001 ripoti za kwanza zilisema panya wasio na BACE1, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa beta-amiloidi (protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), hawana shida. Basi, ikaonekana kukizuia kwa wagonjwa wa Alzheimer ni salama. Kufika 2006 ikabainika kwamba BACE1 hukata pia protini iitwayo neuregulini 1, na kisipokuwepo, mayelini, ala inayofunika neva, huwa nyembamba. Dawa za kukizuia zilifika majaribio makubwa kwa binadamu, kisha zikasimamishwa. Katika baadhi ya majaribio hayo, waliozimeza walishuka zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Tena panya yule hakuwahi kuwa na kimeng'enya hicho tangu mimba, mwili ukajipanga bila hicho. Mgonjwa ananyang'anywa akiwa na miaka 70. Kwa hiyo muuza vidonge vya "kuzuia kimeng'enya" akikuonyesha picha ya panya mnono asiye na jeni, muulize kwanza: jeni hiyo ilizimwa lini?